CHUPA IRUDI KWA ALIYEITOA

Askari anapotoka katika uwanja wa shabaha hakabidhi bunduki peke yake. Katika majeshi mengi maganda ya risasi huokotwa, huhesabiwa, na hesabu yake hulinganishwa na ile ya risasi zilizotoka ghalani asubuhi. Hakuna asemaye kwamba risasi ikishapigwa mambo yake yamekwisha. Twaanza na jambo hili kwa kuwa wasomaji wetu wa kambini na wa vituo vya polisi walijua kuliko sisi, na kwa kuwa ndilo tunalotaka kuuliza juu ya bidhaa ziuzwazo hapa Bujumbura: kilichomo kikishatumika, ganda lake litolewe hesabu na nani?

Tuitazame kwanza chupa ya bia. Kiwanda cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955, na kwa miaka mingi Serikali imekuwa na hisa ndani yake pamoja na kampuni ya Heineken ya Uholanzi. Primus na Amstel zake hutiwa katika chupa za kioo. Mwenye duka atakaye kreti iliyojaa hupeleka kreti ya chupa tupu. Asiyekuwa nayo hulipia chupa. Kwa sababu hiyo, kuanzia Buyenzi hadi Kinama, chupa ya Primus haikai sana mtaroni. Ikionekana itaokotwa, maana ina bei na ina njia ya kurudi nyumbani. Hatudai kwamba wenye kiwanda walibuni utaratibu huo kwa mapenzi ya ziwa. Kioo ni ghali, na mfanyabiashara ajua hesabu zake. Lakini faida ya umma imepatikana vilevile.

Chupa ya plastiki haina safari ya kurudi. Mvua inapoteremka kutoka milimani, mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha huzoa kila kilichotupwa na kukifikisha katika Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na ni la pili duniani kwa kina. Maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka kabla ya kubadilika. Humo ndimo tuvuamo ndagala na mukeke, na ndimo Regideso ichotamo maji ya bomba ya mji huu. Mkataba wa kulihifadhi ziwa, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi nne zinazolizunguka, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, umeweka miongoni mwa misingi yake kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Makao ya mamlaka ya ziwa hilo yamo mumu humu Bujumbura. Swali ni nani aitwe mchafuzi.

Wako wanaodhani kuwa hili ni jambo la ufagio tu. Hao na watazame mto Rusizi. Taka zitupwazo Bukavu huingia Ziwa Kivu, zikafuata maji hadi kwenye mabwawa ya umeme, na huko huziba njia ya mitambo hata wafanyakazi wakalazimika kuzitoa siku baada ya siku. Umeme huo hutumiwa na Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Basi chupa iliyonywewa Bukavu yaweza kuizima taa ya kituo cha polisi Bujumbura, na aliyeitengeneza asipelekewe hati yoyote ya madai.

Mwezi wa Agosti 2018 lilitolewa agizo la Rais la kupiga marufuku mifuko ya plastiki nchini, likatoa muda wa miezi 18 ili watu wajiandae. Lilikuwa agizo jema. Lakini sheria ya namna hii ishukapo mtaani huangukia mikononi mwa polisi, na polisi humkuta nani? Humkuta mama wa sokoni mwenye vifuko vya karanga. Mwenye shehena amekwisha lipwa zamani, tena yuko mbali. Hatusemi askari asitekeleze amri, hasha. Twasema kwamba amri inayougusa mkono wa mwisho peke yake humchosha askari na kumwonea mnyonge.

Njia nyingine ipo. Mwaka 1990 mtaalamu wa Sweden, Thomas Lindhqvist, aliiandikia serikali ya nchi yake kwamba mtengenezaji wa bidhaa abebe dhamana yake hata baada ya kutumika. Mwaka uliofuata Ujerumani iliwatwika wenye viwanda mzigo wa kukusanya vifungashio vyao. Jirani zetu wa Kenya waliingiza jambo hilo katika sheria yao ya taka ya mwaka 2022. Mwenye kujua kwamba ganda litamrudia hulitengeneza kwa namna nyingine tangu mwanzo. Hapo ndipo penye nguvu ya wazo hili.

Wenye biashara watasema bei itapanda. Huenda ikapanda kidogo. Lakini gharama hiyo hailipwi leo? Hulipwa kila Jumamosi asubuhi, katika kazi za jumuiya, kwa jasho la askari na raia wazibuao mitaro, na jasho hilo halimo katika bei ya chupa.

Wengine watauliza: bidhaa nyingi zatoka nje, tumshike nani? Betri, matairi na oili viishiavyo katika gereji za Buyenzi havikutengenezwa Burundi. Jibu letu ni kwamba aliyeagiza bidhaa ahesabiwe kuwa ndiye aliyeitengeneza. Wala hatafutwi kwa tochi. Lori litokalo bandari ya Dar es Salaam husimama Kobero, na mikononi mwa dereva mna karatasi zenye jina la mwagizaji na hesabu ya mzigo wake, betri kwa betri, tairi kwa tairi. Hapo Kobero, kabla lori halijapanda mlima, ndipo pa kuandika pia ni ngapi atakazotakiwa kuzirudisha.