Dhahabu, Zebaki na Msitu: Somo la Shirere kwa Sisi wa Pwani



Ukimtajia mtu wa Mombasa jina la Kakamega, atakujibu kwa kuku, mafahali wanaopiganishwa na mvua ya alasiri. Wachache watakutajia dhahabu. Lakini mji ule umekaa juu ya dhahabu, na wadi ya Shirere, iliyoko mjini hapo hapo katika eneo bunge la Lurambi, ni mahali pazuri pa kujifunza jinsi mwanadamu anavyoichokora ardhi mpaka ardhi inamgeukia.

Huenda msomaji akauliza: sisi na Shirere wapi na wapi? Kwanza, Waswahili hawakuanza jana kufika huko. Misafara ya wazee wetu ilikuwa ikipumzika Mumias tangu enzi za Nabongo Mumia, na Uislamu wa Magharibi ya Kenya ulikita mizizi hapo. Pili, na ndilo kubwa, yanayotokea kule kwa dhahabu na miti yanatokea huku kwetu kwa mikoko, mchanga na mawe. Ugonjwa ni mmoja, dalili ndizo tofauti.

Dhahabu iliyoanza na ahadi iliyovunjwa

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na habari zikaenea haraka. Masetla waliokuwa wameumizwa na kuanguka kwa bei za mazao duniani walimiminika na mahema yao kutafuta riziki mpya. Mgodi uliopata jina kubwa ni Rosterman, pale pale karibu na mji. Ulifanya kazi hadi mwaka 1952, ukafungwa.

Jambo moja la wakati ule halifai kusahauliwa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Iliahidi kwamba ardhi ile ni yao daima, na kwamba ikibidi kipande kichukuliwe, baraza la wenyeji lishauriwe kwanza na wenyewe wapewe ardhi nyingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria ile haikutimiza hata miaka mitatu. Mwezi wa Disemba 1932 ilirekebishwa, ikawa ardhi yaweza kuchukuliwa kwa uchimbaji bila kushauri baraza, na mwenye shamba alipwe pesa tu.

Nayataja haya kwa sababu uharibifu wa mazingira mara nyingi huanza namna hiyo. Kabla shoka halijagusa mti wala sururu haijagusa mwamba, huwa kuna sauti ya mwenyeji iliyokwisha kunyamazishwa. Anayekata uamuzi si yeye atakayekunywa maji ya mto ule.

Wazungu wa Rosterman waliondoka, lakini mashimo na vifusi vilibaki. Vilibaki pia vijana wasio na ajira. Leo wachimbaji wadogo katika Kaunti ya Kakamega wanafuata mishipa ya dhahabu kwa sururu, kamba na tochi, na wengine wanapekua upya mabaki yaliyoachwa na wakoloni. Huko Ikolomani, kampuni ya Shanta Gold, iliyonunua mradi wa Magharibi ya Kenya mwaka 2020, imekuwa ikitafiti maeneo ya Isulu na Bushiangala, na wenyeji wana hofu ya kuhamishwa. Karibu miaka mia imepita, na swali ni lile lile: nani ataulizwa, na nani atalipwa nini?

Zebaki inavyofanya kazi

Tuelezane sasa namna mchimbaji mdogo anavyoipata dhahabu, maana hapo ndipo sumu inapoingia.

Mawe hutolewa shimoni, huvunjwa kwa nyundo, kisha husagwa mpaka yawe unga. Unga huo huoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia au zulia, ili vitu vizito vinase na vyepesi viende na maji. Kinachonasa huwekwa kwenye karai, na hapo humiminwa zebaki, ile madini ya majimaji ing'aayo kama fedha. Zebaki ina tabia ya kushikana na dhahabu. Vikishikana hufanya donge, mtu akalikamua kwa kitambaa, kisha akalichoma motoni. Zebaki hugeuka mvuke ikapaa, dhahabu ikabaki.

Ni njia rahisi, haihitaji umeme wala mtaji mkubwa, ndiyo maana imeenea kuanzia Migori hadi Geita na hadi Kongo mashariki. Lakini hesabu yake haiishi pale karaini. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na anayechoma huuvuta moja kwa moja mapafuni. Huharibu mishipa ya fahamu na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua. Mara nyingi kazi ya kuosha na kuchoma hufanywa karibu na jikoni, watoto wakiwa papo hapo, na mama mjamzito akiathirika, huathirika na aliye tumboni.

Zebaki iliyobaki kwenye tope huoshwa na mvua mpaka mtoni. Huko kuna vijidudu vya matopeni vinavyoigeuza kuwa sumu kali zaidi, iingiayo mwilini mwa viumbe wadogo. Samaki mdogo hula viumbe hao, samaki mkubwa humla mdogo, na kila hatua sumu hujilimbikiza. Kwa hiyo anayeweza kudhurika zaidi ni mla samaki ambaye huenda hajawahi kuliona shimo la dhahabu maishani mwake.

Hili si jambo la kudhania. Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, madaktari walianza kuona wavuvi na watoto wao wakipooza na kupoteza fahamu. Chanzo kilikuwa kiwanda kilichomwaga zebaki katika ghuba walimovua. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo. Na Umoja wa Mataifa unasema leo chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani duniani ni uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Zebaki nayo si peke yake. Mawe yenye dhahabu mara nyingi huja na aseniki na risasi ndani yake. Yakiwa chini ya ardhi hayamdhuru mtu. Yakisagwa unga na kuachwa chungu chungu mvuani, hushuka pamoja na maji.

Msitu unaoshika mvua

Upande wa mashariki wa mji kuna Msitu wa Kakamega. Wataalamu wanauhesabu kuwa masalia ya mashariki kabisa ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, na hapa Kenya hakuna mwingine wa aina yake wa ukubwa huo. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1933, na sehemu ya kaskazini, Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Eneo lililotangazwa ni kama kilomita 240 za mraba, lakini miti ya asili imebaki katika sehemu isiyofika hata nusu ya hiyo.

Ulipunguaje? Wakoloni walitaka mbao na kuni za migodini. Baadaye zikaja mbao za biashara, mashamba ya chai, upanuzi wa vijiji, makaa na mifugo. Hata dawa zimechangia. Mti wa Prunus africana huchunwa magome kwa ajili ya dawa ya tezi dume inayouzwa ng'ambo, na mti ukichunwa pande zote hukauka ukiwa umesimama. Mzizi wa mukombero, ambao hata Kongowea utaupata ukitafunwa, hung'olewa na mmea wake hufa.

Eneo la Kakamega hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na msitu ndio unaoipokea. Majani huvunja nguvu ya matone, mizizi huyapa maji njia ya kushuka chini polepole, na chemchemi hutiririka hata kiangazi. Ukiondoa miti, mvua ile ile inakuwa adui. Inapiga udongo mtupu, inaubeba hadi mto Isiukhu, Isiukhu unaupeleka Nzoia, na Nzoia unaushusha Budalangi kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Watu wa Budalangi wamezoea kuhama kila mafuriko yanapobomoa kingo. Ukisikia habari hizo redioni, kumbuka sehemu ya maji yale ilianza safari yake mahali ambapo mtu alikata mti.

Mjini kwenyewe mkono wa binadamu unaonekana kwa namna nyingine. Udongo wa kinamasi huchimbwa kwa matofali, na matofali huchomwa kwa kuni. Mikaratusi hupandwa kingoni mwa mito kwa kuwa inakua haraka na nguzo zake zina soko, ijapokuwa hunywa maji mengi. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Agizo lilipita, mingi ikabaki.

Tusimlaumu maskini peke yake

Ni rahisi kukaa barazani na kahawa yetu tukasema vijana wale wana tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini kijana anayeshuka shimoni msimu wa mvua, akijua kuta zaweza kumfunika, hafanyi hivyo kwa raha. Anafanya kwa kuwa ada ya mtoto inadaiwa na shamba la baba limegawanywa mpaka halitoshi kupanda mahindi. Zebaki yenyewe aghalabu huipata kwa dalali, na dalali huyo huyo ndiye anayemnunulia dhahabu kwa bei aipendayo. Faida hupanda juu, sumu hushuka chini.

Sheria ipo. Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumtaka awe na kibali. Inaelekeza pia mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Mwananchi asiyeijua asilimia 10 yake hawezi kuidai.

Na kudai kunawezekana. Sisi wa Mombasa tuna ushahidi wetu wenyewe, Owino Uhuru. Wakazi wa kijiji kile waliathiriwa na risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Walipigania haki yao kwa miaka mingi, mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, amri hiyo ikatenguliwa katika rufaa, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watu wa mtaa wa kawaida ndio waliofanya hivyo.

Nini kifanyike

Kwanza, mchimbaji asaidiwe kuacha zebaki badala ya kufukuzwa tu. Kuna chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, kinachoizuia zebaki isipae na kuirudisha itumike tena. Huko Ufilipino wachimbaji wamekuwa wakitumia boraksi, unga unaosaidia dhahabu kuyeyuka na kujitenga bila zebaki kabisa. Vyama vya wachimbaji vyenye kibali vinaweza kufunzwa haya. Mtu anayejificha polisi hafundishiki.

Pili, maji ya Isiukhu na visima vilivyo karibu na migodi vipimwe mara kwa mara na majibu yabandikwe mahali watu wanapoyaona. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mji huo huo. Elimu yake ianzie kwa majirani.

Tatu, jamii ipewe sababu ya kuupenda msitu. Mfano upo. Kikundi cha wakulima cha Muliru, pembezoni mwa msitu huo, kilianza kulima mmea wa dawa mashambani na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, badala ya kuvuna kutoka msituni. Mwaka 2010 kilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Equator. Mapato yakitoka kwenye kulinda, mlinzi hahitaji kusukumwa.

Nne, misikiti na makanisa yalisemee jambo hili. Wasomao Suratul-Rum wanaijua aya ya 41, inayoufungamanisha uharibifu wa bara na bahari na matendo ya watu wenyewe. Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji hata kwa mwenye kutawadha mtoni, na fiqhi yetu imejengwa juu ya kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana. Khutba ngapi za Ijumaa tumesikia juu ya maji na miti? Imamu wa Kakamega na imamu wa Kisauni wote wana la kusema.

Ndugu zangu, tusingoje. Mikoko ya Tudor na Mtwapa inakatwa, mchanga unachotwa, na vumbi la machimbo ya mawe linaingia vyumbani mwetu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Shirere wanakula janga lililoanza kuchumwa mwaka 1931. Letu sisi bado liko shambani, na tukitaka, tunaweza kuliacha lisichumwe.