Mzigo wa Nani Huu?

Asubuhi moja tulimsindikiza mama mmoja wa mtaa wetu hadi uwanja wa ndege. Alikuwa anakwenda Uingereza kumwangalia binti yake aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Tulikuwa wanawake wanne, tumevaa khanga zetu nzuri, na furaha yetu ilikuwa kama kwamba mjukuu huyo ni wa mtaa mzima.

Sisi wasindikizaji hatukuruhusiwa kuingia ndani, kwa hiyo tukaagana mlangoni. Hatukuwa tumefika mbali tulipomwona anarudi akisukuma kitoroli, jasho linamtoka. Sanduku lake lilikuwa limepimwa, na mizani ikaonyesha kilo 31. Tiketi yake iliruhusu sanduku 1 la kilo 23. Aliambiwa alipie kilo 8 zilizozidi au azipunguze, na kiasi alichotajiwa kilizidi fedha zote alizokuwa nazo mkobani.

Akapiga magoti sakafuni na kufungua sanduku mbele ya watu. Nguo za ndani zikaonekana, pamoja na dagaa na viatu vya kiume ambavyo hata si vya mumewe. Muda ulikuwa umekwisha, hivyo kilichokuwa juu ndicho kilichotoka: kilo 5 za unga wa ulezi alioutwanga na kuuchekecha mwenyewe kwa ajili ya uji wa mzazi, na kilo 3 za khanga, vitenge na shuka la mtoto. Vikawa 8. Akafunga sanduku, akatukabidhi furushi, akakimbia.

Tulirudi nyumbani na unga ule. Mwenzetu alipofika, swali la kwanza la binti yake lilikuwa kuhusu uji wa ulezi.

Hesabu tuliyoifanya baadaye

Mwenzetu alipopiga simu tulikaa tukafanya hesabu. Sanduku tupu lilikuwa na kilo 5. Vitu vyake na vya binti yake vilikuwa kilo 13. Kilo nyingine 13 zilikuwa za watu: korosho za wifi, vitabu vya mwanafunzi, chupa ya asali ya jirani, viatu vya kijana fulani, na vifurushi vingine ambavyo wenyewe hakuna aliyevipima. Bila mizigo ya watu angekuwa na kilo 18 tu, na nafasi ya kilo 5 ingebaki.

Mizigo ya watu ililetwa mapema, ikapangwa chini. Vya binti yake vilipangwa mwisho, vikakaa juu. Hivyo vya wengine vilisafiri, na vya mwanawe vikabaki.

Akina mama wengi tunafikiri kwamba gharama ya mzigo uliozidi hutokana na kupenda vitu. Mara nyingi hutokana na kushindwa kusema "hapana". Ukitaka kujiepusha na gharama hiyo, anza na swali hili: kilo hizi ni za nani?

Isome tiketi yako kwanza

Kuuliza si ujinga. Kabla hujanunua hata leso, fahamu tiketi yako inaruhusu nini. Ziko taratibu mbili. Katika safari nyingi, shirika huangalia uzito wa jumla, kwa mfano kilo 23 au 30. Katika safari nyingi za kwenda Marekani na Kanada huhesabiwa idadi ya mabegi, na kila begi lina kikomo chake. Huko ukiwa na begi 1 la kilo 28 unaweza kutozwa, hali mwenzako mwenye mabegi 2 ya kilo 20 anapita bila kulipa. Tiketi za bei ya chini kabisa huenda zisiwe na begi la kupakia kabisa.

Tena, kuna kikomo ambacho hata fedha haikiondoi. Mashirika mengi hayapokei begi moja linalozidi kilo 32, ili kuwalinda wapakiaji wasiumie migongo.

Ukiunganisha safari kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, kila shirika litafuata kanuni zake. Ndege kubwa yaweza kukuruhusu kilo 30, lakini ndege ndogo ya kukufikisha kwenu ikakuruhusu 15 tu. Pima mzigo wako kwa kikomo kilicho kidogo zaidi.

Kama una mtoto mchanga asiye na kiti chake, uliza haki yake. Mashirika mengi humpa kilo zake chache, mara nyingi 10, na kigari chake hubebwa bila malipo.

Mizani iwe nyumbani

Usingoje mizani ya uwanjani ikuumbue. Mizani ndogo ya kuning'iniza si ghali, na wanawake wa mtaa mmoja wanaweza kununua moja wakaazimana. Ukikosa, tumia mizani ya kupimia watu: jipime mwenyewe, kisha jipime ukiwa umebeba sanduku, halafu toa. Acha nafasi ya kilo 1, maana mizani hazifanani.

Lipime sanduku likiwa tupu. Sanduku gumu la zamani laweza kula kilo 5 kabla hujaweka kitu, na begi la kitambaa likala nusu yake. Angalia pia vitu vya majimaji. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na lita 1 ya asali hukaribia kilo 1 na nusu. Sabuni, mafuta ya nywele na losheni vinapatikana uendako. Unga wa ulezi wa mama huenda usipatikane. Viatu vizito na koti vivae mwilini.

Mzigo wa mkononi nao hupimwa, na mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 tu. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi haviruhusu mkononi chombo cha majimaji kinachozidi mililita 100, ingawa maziwa ya mtoto huruhusiwa kwa kiasi cha safari. Pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu, hukaa mkononi na kamwe haiwekwi kwenye sanduku linalopakiwa.

Usilipie kilo zitakazotupwa

Kuna vitu utavihangaikia, kisha vikatupwa mbele ya macho yako. Nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia, haziruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu, hata nyama iliyokaushwa kwa upendo wa bibi. Mirungi, ambayo wengine nchini Kenya huitafuna bila kificho, ni haramu Uingereza tangu mwaka 2014. Kwa wanaorudi nyumbani: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Funga vitu vyako kwa mifuko ya kitambaa.

Dada zetu wanaofanya kazi Uarabuni hupenda kurudi na marobota ya mablanketi yaliyofungwa kwa kamba. Mwaka 2017 uwanja wa ndege wa Dubai ulitangaza kwamba mizigo ya mviringo, isiyo na upande ulio bapa, haitapokelewa. Boksi lililofungwa vizuri ni salama zaidi.

Namna ya kukataa bila kuvunja undugu

Hapa ndipo penye ugumu. Wifi akileta kifurushi, utamwambiaje? Na mama mkwe je?

Tunashauri useme mapema, kabla vifurushi havijaanza kuja. Siku unapotangaza safari, tangaza na kilo zako: "Nimeruhusiwa kilo 23. Sanduku na vitu vya mwanangu vinachukua 20. Zimebaki 3 kwa familia nzima." Watu hugombana na neno "sitaki", lakini ni vigumu kugombana na hesabu. Kwa wifi waweza kusema, "Wifi yangu, nipe nusu kilo ya korosho, nami nitampelekea kwa mkono wangu na salamu zako." Kwa mama mkwe ni vizuri mume wako aseme mwenyewe, kwa kuwa ni mama yake.

Vitu vya kwako na vya mwanao pakia kwanza. Vya watu vikae juu, ili vikizidi viwe vya kwanza kutoka.

Tena usibebe kifurushi kilichofungwa. Kifungue mbele ya aliyekileta, ukione, kisha ukifunge mwenyewe. Kama anakataa kisifunguliwe, rudisha. Sanduku lenye jina lako ni lako mbele ya sheria, na askari wa forodha hatamtafuta jirani yako. Hata dawa zichunguze: baadhi ya dawa kali za maumivu, kama zile zenye tramadoli, zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu. Kumpenda jirani si kuhatarisha maisha ya mama wa watoto.

Ikilazimu kuzidisha

Wakati mwingine huna budi. Basi lipia kabla ya siku ya safari, kwa kuwa mashirika mengi hutoza nafuu kwa anayelipia mapema kuliko anayelipia kaunta. Mkisafiri familia kwa tiketi moja, uliza kama kilo zenu zinaweza kujumlishwa. Na linganisha: ikiwa gharama ya kilo 1 inazidi bei ya kitu chenyewe, nunua kitu hicho huko uendako.

Safari ya pili

Mwaka uliofuata mwenzetu alikwenda tena, kwa kuwa mjukuu wa pili alikuwa njiani. Safari hiyo alitutangazia kilo zake mwezi mzima kabla. Wifi alinuna siku 2, kisha akaleta korosho zake nusu kilo, zimefunguliwa. Yule jirani wa asali alituma salamu tu. Usiku wa kuamkia safari tulilipima sanduku sebuleni kwa mizani tuliyochangia: kilo 22.

Tulisimama mlangoni palepale. Safari hii hakurudi na kitoroli. Alitupungia mkono kwa mbali akaendelea. Siku chache baadaye ikaja picha kwenye simu: binti yake amekaa kitandani, amejifunga khanga ya mama yake, na mkononi ameshika kikombe cha uji wa ulezi.