Opiyo Yuko Maseno. Je, Odongo?

Mzazi wa Kondele au Dunga, Kisumu, ambaye mwanawe wa kwanza anasoma shule ya bweni ya Maseno huhesabu kwamba mdogo wake naye ameshapata mlango. Hajapata. Mfumo wa Wizara ya Elimu unaowapangia watoto shule hauulizi nani ana kaka ndani. Unaangalia alama, mkondo wa masomo, shule alizochagua mtoto na nyumbani kwao ni wapi.

Hilo la nyumbani ndilo upendeleo wetu wa jadi. Mwaka 1985 shule za mkoa ziliagizwa kutenga asilimia 85 ya nafasi kwa watoto wa wilaya zilizozizunguka. Waliofanya mtihani wa kwanza wa KJSEA, ule wa Gredi ya 9, mwaka 2025 walichagua shule 12 kila mmoja, 9 za bweni na 3 za kutwa karibu na kwao. Udongo wa nyumbani bado una uzito, damu haina.

Kwingine damu inahesabiwa. Kule Boston, Marekani, shule za kawaida za serikali humtanguliza mtoto mwenye ndugu shuleni. Lakini Boston Latin, inayochuja kwa mitihani, haimtambui ndugu. Ukichunguza, hoja ya ndugu ni hoja ya miguu: mama hawezi kuwa kwenye mageti mawili saa mbili kasorobo asubuhi, kila siku ya wiki. Bweni linaifuta hoja hiyo. Mtoto hupelekwa na sanduku lake la bati mara moja kwa muhula, na karo ya shule ya kitaifa, shilingi 53,554 kwa mwaka, haipungui hata wakiwa ndugu watatu. Kinachookolewa ni nauli ya siku ya wazazi na sweta ya kurithi. (Tena Maseno ni ya wavulana. Pacha wa Opiyo akiwa msichana, Adongo, upendeleo wa ndugu ungemsaidia nini?)

Gharama ya kumtanguliza ndugu je? Tuseme shule ina nafasi 300, na wadogo wa wanafunzi waliopo wanaoomba ni 60. Arobaini wangeingia kwa alama zao wenyewe. Ishirini waliobaki wanawatoa wengine 20 wenye alama za juu zaidi, na hao wanaotolewa hawawezi kuwa na ndugu mle ndani: huenda ni vifungua mimba, au watoto wa nyumba ambayo haijawahi kuona barua ya mwaliko. Shule ikiwa ya wasichana, binti wa mchuuzi wa omena kule Usenge yumo katika kundi hilo. Mimi siwezi kuitetea hesabu hiyo.

Kwenye shule za kutwa za mjini, ambako watoto hutembea kutoka Manyatta na Nyalenda, ningekubali undugu utumike kuamua panapotokea sare ya alama. Na mapacha, kina Opiyo na Odongo waliofungana alama, ningewaweka pamoja popote.

Kwa sasa, anayetaka watoto wawili shule moja ana kazi ya mapema, mtoto akiwa bado Gredi ya 9: aulize kama shule ya kaka inafundisha mkondo na masomo ambayo mdogo anayataka. Ikiwa haiyafundishi, kuiandika ni kupoteza nafasi moja kati ya zile 12.