Godoro nene si lazima libebe mgongo: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Maharage yakishauzwa, kaya nyingi za Kasulu na Kibondo hupanga kununua godoro jipya. Dukani swali la kwanza huwa ni unene: inchi 6 au inchi 8? Lakini kwa mkulima aliyeshinda ameinama akipalilia, swali kubwa ni jingine: godoro hilo litaushikilia mgongo wake, au litamzamisha?

Unapolala, nyonga na mabega ndiyo hulemea zaidi. Godoro laini mno huacha nyonga zizame, uti wa mgongo ukapinda na misuli ikakosa kupumzika. Godoro gumu mno, au mkeka sakafuni, hubana mabega na nyonga, hasa kwa anayelala ubavu. Ndiyo maana mtu hugeukageuka hadi alfajiri.

Wengi huambiwa kuwa mwenye maumivu ya mgongo alale pagumu. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet ulionyesha vingine. Watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu walipewa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi.

Godoro la sponji ndilo limeenea zaidi. Sponji ni vijitundu vingi vyenye hewa. Ikiwa nyepesi, vijitundu huchoka mapema na katikati hubonyea. Kwa hiyo inchi 8 za sponji nyepesi zinaweza kushindwa na inchi 6 za sponji nzito. La springi hubeba vizuri likiwa jipya, lakini springi zikilegea huchoma mbavu. La sufi, pamba au nyasi hushindiliwa na kufanya mabonge, hivyo linahitaji kuanikwa na kujazwa upya.

Ukiwa dukani, fanya hivi:

- Nyanyua magodoro mawili ya ukubwa mmoja. Kwa kawaida lililo zito lina sponji iliyoshiba.
- Bonyeza kwa goti. Goti likigusa chini kirahisi, liache.
- Lala chali na ubavu kwa dakika kadhaa. Kama mnalala wawili, jaribuni wote wawili.
- Tafuta alama ya ubora ya TBS.

Nyumbani, kagua chaga za kitanda. Chaga moja iliyovunjika, au zilizoachana sana, huharibu hata godoro bora. Geuza godoro upande wa kichwa uende miguuni kila baada ya miezi michache.

Godoro halitibu ugonjwa. Maumivu yakiendelea kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya. Miguu ikifa ganzi au ukishindwa kuzuia mkojo, usisubiri: nenda hospitali siku hiyohiyo.