DAWA ZA MITISHAMBA NA MARADHI YA INI: KWA NINI LAZIMA ZIPIMWE

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba, waonapo macho ya mgonjwa yamegeuka manjano na mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, humpeleka kwa mganga wa mitishamba kabla ya kumfikisha hospitali. Makala haya hayakusudii kumlaumu mtu. Yanakusudia kuwafahamisha watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla namna dawa ya miti inavyopimwa, na kwa nini ushahidi wa "fulani aliinywa akapona" hautoshi.

Jambo la kwanza kufahamika ni kwamba umanjano ni dalili, wala si maradhi yenyewe. Huweza kuletwa na virusi vya homa ya ini, vijiwe vya nyongo, ulevi, sumukuvu iliyomo katika nafaka na karanga zilizoota ukungu, au saratani. Mgonjwa wa homa ya ini aina ya A kwa kawaida hupona mwenyewe baada ya wiki au miezi michache. Hali kadhalika, kati ya watu wazima 100 wanaoambukizwa aina ya B, wapatao 95 huvishinda virusi hivyo ndani ya miezi sita. Kwa hivyo, dawa yoyote atakayokunywa mgonjwa wa namna hiyo, hata ikiwa maji matupu, itaonekana kuwa imemponya. Sifa itakwenda kwa mti, ilhali kazi imefanywa na mwili.

Kwa watoto wachanga mambo ni kinyume chake. Wanaoambukizwa aina ya B wakati wa kuzaliwa, takriban tisa katika kila kumi hubaki na virusi. Huweza kuishi miaka mingi bila ya dalili yoyote, na hatimaye ini likawa gumu na kusinyaa, au likapata saratani. Hao ndio wanaohitaji dawa ya kweli, na hao ndio wanaodhurika zaidi kwa kupoteza muda.

Mfano mwema wa upimaji unatoka India. Katika mji wa Madras, unaoitwa Chennai hivi sasa, waganga walikuwa wakitibu umanjano kwa mmea mdogo uitwao kitaalamu Phyllanthus amarus, ambao huota wenyewe katika nchi za joto. Mwaka 1988 Dk. S. P. Thyagarajan na wenzake, akiwemo Baruch Blumberg aliyegundua virusi vya aina ya B, walitangaza matokeo yao. Kati ya watu 37 wenye virusi waliopewa unga wa mmea huo kwa siku 30, watu 22 hawakuonekana tena na alama ya virusi katika damu. Kati ya 23 waliopewa vidonge visivyo na dawa, alikuwa mmoja tu.

Habari hiyo ilileta matumaini makubwa. Hata hivyo, wataalamu wa Thailand walipoujaribu mmea huo mwaka 1990, na wa New Zealand mwaka 1994, hawakuyapata matokeo hayo. Mwaka 2011 majaribio 16 ya mimea ya jamii hiyo yalipitiwa kwa pamoja, na haukupatikana ushahidi wa kuridhisha kwamba inashinda vidonge visivyo na dawa. Funzo lake ni kwamba jaribio moja dogo, hata likiwa la wataalamu, halitoshi kuhukumia.

Upimaji wenyewe huenda kwa hatua. Kwanza, mmea hutambuliwa kwa jina lake la kitaalamu, maana jina moja la Kiswahili huweza kuitwa miti miwili tofauti. Pili, huchunguzwa katika maabara na kwa wanyama ili kujua nguvu na sumu yake. Tatu, hujaribiwa kwa watu wachache, kwa ridhaa yao na kwa idhini ya kamati ya maadili. Mwisho, wagonjwa hugawiwa makundi mawili kwa kura. Kundi moja hupewa dawa na la pili kitu kinachofanana nayo, na wala mgonjwa wala daktari hajui nani kapewa nini mpaka hesabu ikamilike. Kazi ya kuchunguza miti ya dawa si ngeni nchini: Muhimbili ilianzisha kitengo chake cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974.

Aidha, ieleweke kwamba si kila kitokacho shambani ni salama. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Jamaica waligundua kuwa chai ya majani ya baadhi ya mimea ya jamii za Crotalaria na Senecio ilikuwa ikiziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini, na watoto wakifa kwayo. Chai hiyo walinyweshwa na wazazi wao kwa nia ya kuwatibu.

Kwa hivyo wananchi wanashauriwa yafuatayo:

1. Mwenye umanjano apelekwe kituo cha afya na apimwe damu ili sababu ijulikane.

2. Anayetumia mitishamba amweleze daktari, na asiache dawa za hospitali. Zipo dawa za kuzuia virusi vya aina ya B, na za kuponya kabisa aina ya C.

3. Watoto wapewe chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2002.

4. Nafaka na karanga zikaushwe vyema, na zilizoota ukungu zisiliwe.

5. Mganga anayeamini kuwa anao mti wa kutibu ini aupeleke kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kupimwa si kudharauliwa. Mti wenye manufaa utathibitika, na wenye madhara utajulikana kabla haujaua.

Masheha, walimu na wakuu wa vitengo wanaombwa kuyafikisha maelezo haya kwa wasioweza kuyasoma. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.