Binti wa Ksar Hellal

Wanachama wengi waliosoma habari za ukombozi wa Afrika wanalijua jina la Ksar Hellal. Katika mji huo mdogo wa wafumaji wa nguo, karibu na pwani ya Tunisia, ndiko chama cha Neo-Destour kilikozaliwa tarehe 2 Machi 1934, Habib Bourguiba akiwa miongoni mwa viongozi wake. Nacho ndicho kilichoiongoza nchi ile kufikia uhuru mwaka 1956. Miaka sitini baada ya mkutano ule, tarehe 28 Agosti 1994, alizaliwa mjini humo mtoto wa kike, Ons Jabeur. Leo twapenda kuzungumza juu ya kazi yake ya tenisi. Twasema kazi kwa makusudi, kwani wengi huiita mchezo tu.

Wako wasemao kwamba tenisi ni starehe ya mabwana, nasi hatuwezi kuwabishia sana. Ons alilelewa Sousse, na mama yake, aliyeupenda mchezo huo, alimpeleka kiwanjani angali na umri wa miaka mitatu. Klabu ya pale haikuwa na viwanja vyake, kwa hiyo mwalimu Nabil Mlika alimfundisha katika viwanja vya mahoteli ya jirani. Mahoteli yale yalijengwa ili wageni wapumzike. Mtoto wa mji aliingia humo kufanya kazi. Alipotimiza miaka 12 aliwaacha wazazi wake akaenda Tunis, katika shule ya sekondari ya michezo ya taifa, na mwaka 2011 akashinda mashindano ya wasichana mjini Paris.

Hapo watu walidhani njia imekwisha kunyooka. La! Ilimchukua karibu miaka tisa kufika robo fainali ya mashindano makuu ya watu wazima, huko Melbourne, Januari 2020. Kabla yake Mtunisia mwenzake, Selima Sfar, alikuwa amefika nafasi ya 75 duniani mwaka 2001, na hilo lilihesabiwa kuwa jambo kubwa. Je, Ons alipandaje zaidi ya hapo? Hakumtafuta bingwa wa kigeni amwongoze. Mwaka 2020 alimchukua Issam Jellali, Mtunisia, awe kocha wake, na mazoezi ya viungo aliyasimamia mumewe, Karim Kamoun. Kwa msaada wa watu hao wa nyumbani, Juni 2021 alishinda Birmingham, akawa mwanamke wa kwanza Mwarabu kutwaa taji la mashindano ya WTA. Mei 2022 alishinda Madrid, na tarehe 27 Juni mwaka huo akawa wa pili duniani.

Uchezaji wake nao ulikuwa wa namna yake. Wengi siku hizi hutegemea nguvu za mkono. Yeye aliukata mpira, akaubembeleza, akauangusha karibu na wavu wakati mpinzani yuko mbali nyuma.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mara tatu alifika fainali ya mashindano makuu, na mara zote tatu akashindwa. Tarehe 9 Julai 2022, siku ya Idi kubwa, alishinda seti ya kwanza huko Wimbledon kisha akashindwa na Elena Rybakina. Septemba akashindwa na Iga Swiatek mjini New York. Mwaka 2023 alirudi Wimbledon, akalipiza kwa Rybakina, akamtoa Aryna Sabalenka, kisha akaangushwa na Marketa Vondrousova, mtu ambaye hata hakuwamo katika orodha ya wanaotazamiwa. Alilia mbele ya watu wote, akasema hakupata kuumia hivyo katika kazi yake.

Wafanyakazi watapenda kujua kwamba mwaka huo huo wa 2023 aliingia katika kamati ya utendaji ya PTPA, chama kinachotetea maslahi ya wachezaji wa kulipwa. Baadaye, mwaka 2025, alisema waziwazi juu ya mashindano ya Paris, ambako mechi za usiku walikuwa wakipewa wanaume peke yao. Mchezaji wa tenisi hana mshahara wa mwezi: asipocheza halipwi, na akiumia goti au bega, kalenda haimngojei.

Watu wa kwao walimpa jina la Waziri wa Furaha. Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 30, waziri huyo alitangaza kwamba anapumzika. Alieleza kuwa kwa miaka miwili alikuwa akijikaza juu ya majeraha, na kwamba kwa muda mrefu hakuiona furaha kiwanjani. Novemba akatoa habari nyingine: anatarajia mtoto.