Maktaba za Pamoja na Draiva katika Kompyuta Binafsi: Ufafanuzi wa Dhana kwa Mifano ya Mkoa wa Singida

Faili la maktaba ya pamoja hubeba maagizo yanayotumiwa na programu nyingi bila kila moja kuwa na nakala yake. Katika Windows, jina la faili hilo aghalabu huishia na .dll, katika Linux,.so. Mfano wake ni kisima cha kijiji mkoani Singida: kaya nyingi huteka mahali pamoja, na kikiharibika, zote hukosa maji. Vivyo hivyo, faili moja likifutwa, programu kadhaa huweza kukataa kufunguka.

Draiva, licha ya jina lake, haifanyi kazi ya udereva bali ya ukalimani baina ya mfumo endeshi na kifaa, mithili ya mkalimani kati ya mzee azungumzaye Kinyaturu pekee na karani asiyekijua. Ikikosekana, printa nzima hushindwa kuchapa, na ofisi huweza kununua nyingine bila sababu.

Tiba zake hutofautiana. Maktaba iliyopotea hurejeshwa kwa kusakinisha upya programu husika au kukarabati mfumo endeshi. Draiva hutafutwa kwa mtengenezaji wa kifaa. Kupakua .dll kutoka tovuti isiyojulikana ni hatari, kwani maagizo yake hutekelezwa kwa mamlaka yote ya programu inayoyaita.